Kuihoji Seva kwa Lugha Yake: Majaribio ya Programu Inayosaka Hitilafu kutoka Mbali



Nimeombwa nizungumzie ubora wa programu za kompyuta. Somo hilo ni pana, na anayelibeba lote kwa saa moja huishia kusema yale ambayo kila mtu anayajua. Nimechagua kona yake moja: seva ya kusaka hitilafu kutoka mbali, na namna ya kuijaribu kwa majaribio yanayojiendesha yenyewe, usiku na mchana, bila mtu kuketi mbele ya skrini. Mifano yangu ni miwili. Wa kwanza ni gdbserver, inayofuatana na GDB, dibaga (yaani programu ya kusakia hitilafu) ambayo Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986 katika mradi wa GNU. Wa pili ni lldb-server, ya mradi wa LLDB ulioanzia kampuni ya Apple na kutolewa kwa umma mwaka 2010. Zote mbili ni programu huria. Msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote aliyemo ukumbini humu.

Hoja yangu naitanguliza. Seva ya namna hii haiwezi kujaribiwa vya kutosha kwa kupitia dibaga inayoitumia. Ni lazima ihojiwe moja kwa moja, kwa lugha yake, na majibu yake yapimwe herufi kwa herufi. Dibaga huisitiri seva. Huifunikia makosa kwa nia njema kabisa, ili mtumiaji asikwame, na kwa sababu hiyohiyo haifai kuwa shahidi pekee wa uzima wake.

Tuanze na mahali inapokaa. Kijana anayeandika programu ya Android mjini Dar es Salaam au Nairobi, yenye sehemu iliyoandikwa kwa C++, anaitumia lldb-server hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Anapobonyeza kitufe cha kusaka hitilafu katika Android Studio, seva hiyo hupelekwa kwenye simu, ikaanza kazi humo ndani, na dibaga yenyewe ikabaki kwenye kompyuta. Kazi hugawanywa hivyo kwa sababu dibaga ni programu nzito: inahitaji msimbo wote, majina ya vigeu vyote, ramani ya kila mstari kuelekea kila amri ya prosesa. Simu haina haja ya kubeba mzigo huo, na kifaa kidogo kama ruta au kompyuta ya kuongoza mashine hakiwezi kuubeba hata kingetaka. Kwa hiyo upande wa kifaa huachiwa mtumishi mdogo mwenye kazi chache: soma kumbukumbu, andika kumbukumbu, soma rejista za prosesa, iendeshe programu, isimamishe, sema kwa nini imesimama. Kwenye Linux mtumishi huyo huomba mengi ya haya kwa kiini cha mfumo, kupitia wito uitwao ptrace.

Msidhani pia kwamba mambo haya yanamhusu tu aliye mbali na kifaa chake. Zamani LLDB ya Linux ilizungumza na kiini cha mfumo yenyewe. Baadaye wajenzi wake waliamua kwamba hata mtu anayesaka hitilafu kwenye kompyuta aliyoiweka mapajani apitie lldb-server, ili pawe na njia moja tu ya kutunza. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini matokeo yake ni kwamba kosa dogo la seva sasa linamfikia kila mtu.

Mazungumzo kati ya dibaga na seva ni maandishi mafupi. Kila ujumbe huanza kwa alama ya dola na kufungwa kwa alama ya reli, ileile tunayobonyeza mwishoni tunapoangalia salio la simu. Baada ya reli huja tarakimu mbili za heksadesimali ambazo ni jumla ya ukaguzi: thamani za herufi zote zilizo kati ya dola na reli hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 256, na baki ndiyo huandikwa. Dibaga ikitaka rejista zote hutuma herufi moja tu, g. Thamani ya g ni 103, ambayo kwa heksadesimali ni 67, basi ujumbe mzima ni $g#67. Seva iliyofanya ilichoambiwa hujibu $OK#9a. Programu ikisimama kwa sababu imekanyaga mtego, yaani amri iliyowekwa ili kuisimamisha, seva husema $S05#b8, maana mtego ni ishara namba 5 katika mifumo ya Unix. Kabla ya jibu lenyewe, anayepokea ujumbe hutuma alama ya kujumlisha ikiwa jumla ya ukaguzi imelingana, au ya kutoa ikiwa ujumbe umeharibika njiani na utumwe tena. Itifaki hii ilizaliwa zama za waya za siriali, ambako kelele za umeme zingeweza kugeuza herufi moja kuwa nyingine.

Sasa sikilizeni jibu moja la ajabu: $#00. Ni ujumbe mtupu. Maana yake ni kwamba seva haikulielewa ombi, au haina uwezo huo. Jibu hili ndilo lililoiwezesha itifaki kuishi miaka mingi, kwa sababu dibaga mpya inaweza kuiomba seva kongwe jambo jipya, ikajibiwa utupu, na kazi ikaendelea kwa njia ya zamani. Lakini humo humo ndimo kosa linamojificha.

Chukueni mfano wa brekipointi, yaani mahali ambapo mwandishi anataka programu isimame. Dibaga huiambia seva, kwa ujumbe unaoanza na Z0, iweke brekipointi kwenye anwani fulani. Tuseme fundi amebadilisha sehemu nyingine ya seva na kwa bahati mbaya akaivunja sehemu ya Z0, ikawa inajibu utupu. GDB haitalalamika. Itaamini kwamba seva hii haina Z0, nayo itasoma yenyewe baiti zilizo kwenye anwani ile, izihifadhi, iandike mtego mahali pake kwa ujumbe wa kawaida wa kuandika kumbukumbu, kisha iendelee. Programu itasimama palepale ilipotakiwa. Jaribio lililoandikwa kwa kupitia dibaga, linalosema "weka brekipointi kwenye kazi kuu, endesha, hakikisha imesimama", litafaulu na kuendelea kufaulu kila usiku, ilhali seva imepoteza mojawapo ya kazi zake kuu. Hali ni hiyohiyo kwa ujumbe wa X, unaoandika kumbukumbu kwa baiti ghafi, ambao ukikataliwa dibaga hurudi kwenye M. Na kwa vCont, inayoendesha nyuzi (mifuatano ya amri inayokwenda sambamba ndani ya programu) kwa uchaguzi, ambayo ikikosekana dibaga hurudi kwenye c na s za zamani. Mtumiaji ataona tu kwamba mambo yamekuwa mazito kidogo, na atalaumu mtandao.

Lazima niutendee haki mradi wa GDB. Mkusanyiko wake wa majaribio umejengwa juu ya DejaGnu, ambayo nayo imejengwa juu ya Expect na lugha ya Tcl. Majaribio yake mengi hufanya kile ambacho mtu angefanya: huandika amri, husubiri maneno yatokee, huyalinganisha na yanayotarajiwa. Uzuri wake ni kwamba maelfu ya majaribio yaliyoandikwa kwa ajili ya dibaga yenyewe yanaweza kuelekezwa yapite kwenye gdbserver kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu wa uendeshaji. Huo ni utajiri mkubwa unaopatikana kwa gharama ndogo, na hakuna anayepaswa kuudharau. Zaidi ya hayo, GDB ina amri ya matengenezo inayomwezesha mwandishi wa jaribio kutuma ujumbe ghafi kwa seva na kuona jibu ghafi. Ninachosema ni kwamba utajiri ule unapima jozi, dibaga na seva zikiwa pamoja, na jozi inaweza kuwa nzima huku mmoja wao akiwa mgonjwa.

LLDB ilifuata njia nyingine, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2014, seva ya Linux ilipokuwa ikijengwa, tayari kulikuwa na seva ya upande wa Mac iitwayo debugserver, iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka. Majaribio yaliandikwa kwa lugha ya Python, na hayakuihusisha dibaga kabisa. Jaribio huiwasha seva, hufungua soketi, hutuma ujumbe, na husubiri jibu linalolingana na ruwaza fulani. Mwandishi wa jaribio huandika mazungumzo kama yanavyoonekana kwenye kumbukumbu za itifaki: huu ni ujumbe unaoingia, huu ni unaotoka, na hapa nidakie namba ya mchakato ili niitumie kwenye ujumbe unaofuata. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, jaribio lilelile lilielekezwa kwa seva zote mbili. Debugserver ilikwisha kuaminiwa, kwa hiyo jaribio lililofaulu kwake na kushindwa kwa seva mpya lilionyesha moja kwa moja kazi iliyobaki. Aliyekuwa akijenga upande wa Linux hakulazimika kusoma mawazo ya waliojenga upande wa Mac.

Njia hiyo ina hatari yake, nami naitaja kwa sababu nimeona watu wakiipuuza. Seva kongwe ina mazoea ambayo hakuna aliyeyaamua. Ikiwa inajibu kwa mpangilio fulani wa sehemu za ujumbe kwa bahati tu, na jaribio likaandikwa kwa kulinganisha herufi zote kwa mpangilio huo, basi bahati imegeuzwa kuwa sheria, na seva mpya italazimishwa kuiga jambo lisilo na maana. Ruwaza nzuri hudai kinachodaiwa na itifaki na kuachia kilichobaki. Kuandika ruwaza ya namna hiyo kunahitaji mtu aliyeisoma itifaki kwa makini, wala si mtu aliyenakili tu alichokiona kikipita.

Sasa, seva hii inasaka hitilafu katika programu gani wakati wa jaribio? Wakaguzi wa Wakala wa Vipimo wanapokagua mizani sokoni hawaipimi kwa viazi. Huja na mawe ambayo uzito wake unajulikana tangu mwanzo. Majaribio ya lldb-server nayo yana jiwe lake: programu ndogo inayoelekezwa ifanye nini kwa maneno inayopewa inapoanza. Ikiambiwa ianzishe uzi mpya, huuanzisha. Ikiambiwa ilale sekunde kadhaa, hulala. Ikiambiwa itaje anwani ya data fulani katika kumbukumbu, huitaja kwa maandishi, na jaribio huichukua anwani ile na kuiuliza seva: kuna nini hapo? Kwa kuwa programu imekwisha kusema ukweli wake yenyewe, seva haina pa kujifichia.

Ndani ya programu hiyo kuna kazi moja niipendayo sana. Inashika herufi mbili zilizo kwenye kumbukumbu na kuzigeuza, moja baada ya nyingine, kisha kuzirudisha. Jaribio huisimamisha programu mlangoni mwa kazi hiyo, halafu huiambia seva iendeshe amri moja tu ya prosesa, isome herufi zote mbili, iendeshe amri moja tena, isome tena. Jaribio linadai lishuhudie kila hali iliyo njiani: ya kwanza imegeuka na ya pili bado, kisha zote zimegeuka, na kuendelea. Seva ikiruka amri mbili badala ya moja, hali mojawapo inaweza kukosekana. Ikikwama bila kusonga, hatua zitapita kiwango kilichowekwa. Hakuna neno lolote la dibaga linalohusika hapo. Ni prosesa, kumbukumbu, na seva inayotoa taarifa.

Brekipointi yenyewe ina mambo ya ndani ambayo hayaonekani kabisa kwa mtumiaji. Kwenye prosesa za x86 mtego ni baiti moja, CC kwa heksadesimali, inayoandikwa juu ya amri iliyokuwapo. Prosesa ikiukanyaga, kielekezi chake cha amri huwa kimekwisha kusogea baiti moja mbele, na ni lazima kirudishwe kabla ya lolote. Kwenye ARM ya biti 64, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya simu zetu nyingi, mtego ni baiti 4 na kielekezi hubaki palepale. Seva iliyoandikwa na mtu wa x86 inaweza kurudisha kielekezi mahali pasipohitaji kurudishwa. Halafu kuna suala la uaminifu: dibaga ikiomba kusoma kumbukumbu ya mahali palipo na mtego, seva inapaswa kurudisha baiti za asili, zile zilizoandikwa na mkusanyaji wa msimbo, kana kwamba mtego haupo. Jaribio la hili ni rahisi kuliandika kwa ujumbe ghafi. Soma baiti, weka Z0, soma tena, linganisha, toa kwa z0, soma mara ya tatu. Kwa kupitia dibaga ni vigumu, kwa sababu dibaga nayo inajua pa kuficha mtego na inaweza kurekebisha jibu kabla halijafika kwenye skrini.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kosa la aina moja, maana linaonyesha vizuri kwa nini majaribio yanahitaji ukaidi. Itifaki inaruhusu kufupisha herufi zinazojirudia. Badala ya kutuma sifuri nyingi, seva hutuma sifuri moja, nyota, na herufi inayoonyesha mara ngapi irudiwe. Idadi hupatikana kwa kutoa 29 kutoka kwenye thamani ya herufi hiyo. Alama ya nafasi ina thamani 32, basi sifuri, nyota na nafasi ni sifuri moja pamoja na nyingine 3. Sasa hesabuni marudio 6. Herufi yake ni 35, na 35 ni alama ya reli, ileile inayofunga ujumbe. Marudio 7 ni 36, alama ya dola, inayofungua ujumbe. Kwa hiyo itifaki inakataza idadi hizo mbili, na seva inapaswa kurudia mara 5 kisha kuandika zilizobaki moja moja. Aliyesahau jambo hili atapata seva inayofanya kazi vizuri kwa miezi, mpaka siku ambapo kumbukumbu ina herufi 7 au 8 zinazofanana mfululizo, na ujumbe ukatike katikati. Hakuna mtu atakayeligundua kwa kubonyeza vitufe. Lakini jaribio linalojaza kumbukumbu kwa sifuri za kila urefu, kuanzia 1 hadi 200, na kuisoma kila mara, litalikamata katika dakika yake ya kwanza, na litaendelea kulilinda lango hilo baada ya sisi sote kustaafu.

Hayo yote ni kuhusu majibu sahihi. Linalowatesa zaidi wanaotunza majaribio haya ni wakati.

Seva ni mchakato mmoja, programu inayochunguzwa ni mchakato wa pili, jaribio ni wa tatu, na hakuna anayejua ni nani kiini cha mfumo kitamtangulia. Jaribio likiiwasha seva na kukimbilia kuunganisha, huenda seva haijafungua poti. Mwandishi mwenye haraka huweka usingizi wa sekunde moja hapo. Kwenye kompyuta yake inatosha. Kwenye mashine ya majaribio inayoendesha kazi nyingi kwa pamoja haitoshi, na jaribio linaanguka siku moja kati ya siku nyingi. Poti nayo ni balaa. Ikiwa namba yake imeandikwa ndani ya jaribio, majaribio mawili yakienda sambamba yatagombana. Majaribio ya gdbserver husikiliza seva ikilalamika kwamba anwani inatumika, huongeza namba kwa moja, na kujaribu tena. Katika LLDB namba ilichaguliwa kwa nasibu wakati mmoja, jambo lililopunguza ugomvi bila kuumaliza. Dawa iliyo safi ni kuomba poti 0, ambayo maana yake ni kuuachia mfumo endeshi uchague iliyo wazi, kisha seva iitangaze kwa jaribio kupitia bomba lililoandaliwa. Au kugeuza mwelekeo kabisa, jaribio lifungue mlango na seva ndiyo ipige hodi. Njia hii ya pili naiona bora kuliko zote, kwa sababu hodi yenyewe ni habari kwamba seva iko tayari, na hapahitajiki usingizi wowote.

Kuhusu muda wa kusubiri jibu, majaribio ya lldb-server yameweka sekunde 20, na huuzidisha mara 10 seva inapoendeshwa na ukaguzi wa makosa ya kumbukumbu wa AddressSanitizer, unaoipunguza mwendo. Sekunde 20 ni muda mrefu mno kwa kompyuta, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Kikomo hakiwekwi ili kupima kasi. Kimewekwa ili jaribio lililokwama lisikae milele. Wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivi, wakaweka kikomo kifupi wakidhani wanaongeza ukali, kumbe wanaongeza kelele.

Hapo tunafika kwenye majaribio yanayoyumba: leo yanafaulu, kesho yanashindwa, na msimbo haujaguswa. Si tatizo la wachache. John Micco wa Google aliandika mwaka 2016 kwamba takriban asilimia 1.5 ya mara zote walizoendesha majaribio zilitoa matokeo ya kuyumba, na kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha kuyumba. Jambo la kutisha zaidi katika maelezo yake ni kwamba, jaribio lililokuwa likifaulu lilipogeuka kushindwa, asilimia 84 ya mageuko hayo yalihusisha majaribio yanayoyumba. Fundi aliyekwisha kuzoea hali hiyo atafanya nini akiona jekundu? Atabonyeza rudia. Na likifaulu mara ya pili, atasahau.

Kwa seva ya kusaka hitilafu, mazoea hayo ni hatari maradufu. Kazi ya seva hii ni kushughulika na matukio yanayogongana. Mtumiaji anapotaka kuisimamisha programu inayokimbia, dibaga hutuma baiti moja, 3, bila dola wala reli. Itakuwaje baiti hiyo ikifika wakati uleule programu imekanyaga brekipointi? Seva inapaswa kutoa taarifa moja ya kusimama kwa kila mara iliyoambiwa iendeshe. Ikitoa mbili, ya pili itasomwa kama jibu la ombi linalofuata, na kuanzia hapo kila jibu litakuwa la swali lililopita. Jaribio la mgongano huu litaanguka mara chache sana. Kila anguko ni habari kuhusu seva, na huenda hatutaipata tena kwa muda mrefu. Kulirudia mpaka lifaulu ni kuitupa habari hiyo.

Tunao mfano wa kweli, uliotokea mbali kuliko popote tunapoweza kufika. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Kazi ya kipaumbele cha chini, iliyokusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli ambalo kazi ya kipaumbele cha juu ililihitaji; kazi za kipaumbele cha kati zikaingia katikati na kuizuia ile ya chini isimalize. Ukaguzi wa ndani ulipokuta kazi ya juu haijakamilika, uliamuru kuwasha upya. Wahandisi wa maabara ya JPL huko California waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, kwa msaada wa zana za ufuatiliaji zilizoachwa ndani ya programu ya safari, wakatuma badiliko lililowezesha kurithi kipaumbele kwenye kufuli lile. Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu ya chombo, alieleza baadaye kwamba dalili hiyo ilionekana kabla ya kutua, ila haikukubali kurudiwa walipoitafuta. Simlaumu mtu. Waliifuatilia, na waliacha zana ndani ya chombo kwa ajili ya siku kama ile. Ninachosisitiza ni kwamba dalili iliyokataa kurudiwa ilikuwa ya kweli.

DejaGnu ina msamiati unaosaidia hapa, wenye asili katika kiwango cha POSIX cha majaribio. Mbali na kufaulu na kushindwa, kuna kushindwa kunakotarajiwa, kufaulu kusikotarajiwa, jaribio lisilopata uamuzi, lisiloendeshwa, na lisilowezekana kwenye kifaa hicho. Kuna pia kushindwa kunakojulikana, kwa kosa lililokwisha kuandikishwa. Kufaulu kusikotarajiwa ndiko ninakokuheshimu zaidi, maana kunamlazimisha mtu aende kuuliza nini kimebadilika bila yeye kujua.

Kuna pengo moja ambalo sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulijali kuliko waliojenga zana hizi. Majaribio mengi ya seva ya mbali huendeshwa kwenye mashine moja, kupitia anwani 127.0.0.1. Ujumbe hufika mzima na papo hapo. Kwenye mtandao halisi, TCP ni mkondo wa baiti usiojua ujumbe unaanzia wapi: dola inaweza kufika sasa na reli ikafika baadaye. Seva inayodhani kwamba kila inachosoma ni ujumbe kamili itafaulu majaribio yote nyumbani na kuanguka ugenini. Kwa hiyo jaribio likate ujumbe vipande kwa makusudi, baiti moja moja, na lipeleke pia jumbe mbili zikiwa zimegandana.

Na kuna umbali wenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi mashine iliyoko Ulaya, kwenda na kurudi huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tuchukue milisekunde 150. Dibaga ikiuliza maswali 200 mfululizo kila programu inaposimama, hiyo ni sekunde 30 za kungoja. LLDB imepunguza safari hizo kwa jumbe kama jThreadsInfo, inayoleta habari za nyuzi zote kwa jibu moja, na pande zote mbili zinaweza kukubaliana kuacha alama za kupokea kwa kutumia QStartNoAckMode, kwa kuwa TCP tayari inahakikisha ujumbe haukuharibika. Jaribio linaweza kuzihesabu safari, na likashindwa zikizidi idadi iliyokubaliwa. Aliye kwenye mashine moja hataona tofauti. Aliye hapa ataiona kila anapofanya kazi.

Neno moja tu la usalama. Mwongozo wa GDB unaonya wazi kwamba gdbserver haina ulinzi wowote wa ndani; anayeifikia poti yake anaweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya programu atakavyo. Basi pawepo jaribio linalohakikisha kwamba seva iliyoambiwa isikilize ndani ya mashine tu haisikilizi nje.

Wapo hapa wanafunzi wanaojenga vifaa vyao wenyewe kwa prosesa ndogo, na najua baadhi yenu mmeanza kuandika seva za itifaki hii kwa ajili ya vifaa hivyo. Msingoje seva ikamilike ndipo muijaribu. Anzeni na ujumbe wa $?#3f, unaouliza kwa nini programu imesimama. Kisha tumeni ujumbe wenye jumla ya ukaguzi isiyo sahihi, mhakikishe inarudi alama ya kutoa, na kwamba ujumbe sahihi unaofuata unajibiwa. Kisha ukateni ujumbe vipande viwili. Kisha tumeni baiti ya 3 programu ikiwa inakimbia, na tena ikiwa imekwisha kusimama. La mwisho, na msilisahau kwa sababu watu wengi huliruka: ikateni soketi ghafla seva ikiwa kazini, halafu angalieni orodha ya michakato mwone kama programu iliyokuwa ikichunguzwa imeachiwa, imeuawa, au imebaki imegandishwa bila mwenyewe. Amueni ni lipi kati ya hayo mnalolitaka, liandikeni kwenye jaribio, na mliendeshe kila msimbo unapobadilika.